Nishikie Meza Narudi

Sokoni kwetu Babati kulikuwa na maneno yaliyofanya kazi kuliko mizani yote: nishikie meza narudi. Mtu akiyasema tayari ameshanyanyuka, kanga anaifunga huku anatembea, na hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Anaweza kuwa anakwenda chooni, au kliniki, au msikitini, au kuhakikisha kama mtoto wake kweli yuko shule au yuko ziwani anaogelea na viboko. Jirani yake anageuza kigoda kidogo, anaanza kuangalia meza mbili badala ya moja, basi. Mwenye meza akirudi anakuta vitunguu vimepungua na hela iko chini ya kopo. Hapewi maelezo, na yeye hatoi shukrani. Kumshukuru mtu kwa kukushikia meza ilikuwa kama kumshukuru kwa kuitikia shikamoo yako. Angekushangaa, halafu angewaambia wenzake.

Ndiyo maana mimi nashukuru huku kwenye karatasi.

Nimekulia chini ya meza ya Mama, na sisemi kwa mafumbo. Nilipokuwa mchanga nililazwa pale chini juu ya gunia, nikawafahamu watu wa soko kwa miguu yao kabla sijawafahamu kwa sura. Mama aliuza vitunguu na nyanya. Kulia kwake alikaa mzee wa kanga na vitenge, ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, wakaonja hali ya hewa ya huku, wakasahau nauli ya kurudi. Kushoto alikaa fundi wa katambuga, zile ndala za matairi ambazo wafugaji wa Simanjiro na Kiteto huzivaa mpaka tairi lenyewe linasahau kwamba liliwahi kuwa la lori. Kwa hiyo hapohapo mtu aliweza kuvaa kuanzia miguuni mpaka begani na bado akaondoka na mboga ya jioni. Hakuna aliyepanga hivyo. Watu walikaa walipokuta nafasi, mvua ikawanyeshea pamoja, matope yakawafika magotini pamoja, wakazoeana.

Mimi na mzee wa kanga tulikuwa na utani ambao mgeni angeuona ni ugomvi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umefukuzwa tena shule?"

"Leo wamefunga wenyewe kwa kuniogopa."

"Masikini Mama yako. Alinunua vitunguu vizuri, wewe akapewa kama nyongeza."

Kila mchana ratiba yao ilikuwa moja. Adhana ya adhuhuri ikisikika, mzee alimwambia Mama nishikie, akaenda kuswali, na Mama akauza kanga. Tena aliziuza vizuri kuliko mwenyewe. Mzee alijua kutaja bei tu. Mama alimsomea mteja maandishi, akamshauri kanga ipi ampelekee wifi na ipi asithubutu kuifikisha nyumbani kama bado anaipenda ndoa yake. Mzee akirudi, zamu inageuka. Mama alichukua hotipoti, akapanda baiskeli kwenda Mutuka kumlisha Bibi, na mzee akabaki anauza nyanya kwa sura ya mtu aliyeonewa, mpaka Mama aliporudi.

Bibi alikuwa amepooza upande mmoja. Majirani zake wa Mutuka walimsaidia kwa kila kitu isipokuwa kula. Hakutaka mtu mwingine aone kijiko kinavyomshinda, alitaka binti yake tu. Kuja kukaa mjini alikataa, alisema mjini hata jogoo wanawika bila mpango. Niliwahi kupewa nafasi ya kumlisha mimi, nikajaribu kumchekesha kwa kufanya kijiko kiwe ndege inayotafuta uwanja. Bibi akafunga mdomo, akamgeukia Mama, akasema kwa Kigorowa maneno ambayo Mama amekataa kunitafsiria mpaka leo. Baba naye alikuwa Mererani akitafuta tanzanite, ambayo haikuwa imeonyesha nia yoyote ya kupatikana. Basi Bibi alikula kwa sababu ya Mama, na Mama aliweza kwenda kwa sababu ya mzee wa kanga, na mzee aliswali bila wasiwasi kwa sababu ya Mama. Mimi katika mzunguko huo sikuwa na kazi. Nilikuwa shule.

Halafu tukawa mkoa.

Tulilala tukiwa wilaya ya mkoa wa Arusha, tukaamka makao makuu ya Manyara. Wakaanza kuja maofisa na masanduku yao. Vyumba vya kupanga vikapanda bei hata vile ambavyo mlango wake ulikuwa pazia. Kila tulichokuwa nacho, ambacho jana kilikuwa poa tu, kikaonekana hakifai mkoa, na soko ndilo lililoanza kunyooshewa kidole. Tukaambiwa mkoa mzima hauwezi kununua nyanya kwenye matope.

Aliyetumwa kulichora soko jipya alikuwa msanifu wa majengo, dada wa makamo ya chini, mwenye suruali na buti za mvua. Sisi tulimwita dada wa ramani. Watu walimwogopa kwa sababu alikuwa anasikiliza, na tulikuwa tumezoea wageni wanaoongea. Alizunguka sokoni siku nyingi, akala mihogo ya kukaanga, akauliza maswali, na kwa heshima zetu watu wakamjibu ndiyo hata pale ambapo ndiyo haikai.

"Maji huwa mnachota wapi?"

"Ndiyo dada."

Siku ya mkutano akabandika ramani kubwa ukutani. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Paa refu, mifereji ya maji, mabomba, njia pana ambazo mikokoteni miwili ingepishana bila wenyewe kutukanana. Na kila bidhaa ilikuwa na mstari wake: vitunguu na nyanya hapa, viatu kule nyuma, samaki na nyama karibu na maji, kanga na vitenge upande wa barabara. Mzee wa kanga, kwa ukongwe wake, alipewa kona kabisa, pale ambapo hata abiria wa mabasi ya Arusha wangemwona. Wenzake waliitazama hiyo kona kwenye karatasi kama watu wanaotazama sahani ya jirani.

"Kuna kitu hapa hakitafanya kazi?" dada akauliza. "Semeni tu, bado ni karatasi."

Mwenyekiti wa soko akasimama, akasema kwa niaba ya wote kwamba hakuna. Watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga.

Jioni ile Mama alikuwa anachambua nyanya nyumbani, mimi namkagulia zilizobonyea. Akasema bila kuniangalia:

"Soko likishahamia kule, mchana utakuwa unatoka shule unakuja kushika meza."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mzee atakuwa barabarani. Mimi nitakuwa katikati ya wauza vitunguu."

Nikamwambia hizo ni habari njema, maana vipindi vya mchana ni Fizikia, na mimi na Fizikia tulishaachana, tulikuwa tunasubiri talaka tu. Kwa kawaida Mama akishacheka, jambo lolote linapungua ukubwa. Jioni ile hakucheka. Aliigeuza nyanya moja mkononi akiitafutia kidonda ambacho haikuwa nacho.

"Mimi nilitolewa shule nije kushika meza ya mtu," akasema. "Walisema ni mchana tu."

Nikaweka chini nyanya niliyokuwa nayo.

"Sasa makofi ulipiga ya nini?"

"Ningesema nini, kwamba kila siku naacha meza? Unajua ni wangapi wanasubiri meza sokoni? Wangesema huyu hana haja nayo, apewe anayekaa."

Nikaelewa kwa nini mkutano mzima ulikuwa umenyamaza. Kila mtu pale alikuwa anaacha meza yake, na kila mtu alidhani siri ni yake peke yake, ingawa jirani yake ndiye aliyekuwa anaishika. Sijui kama kuna watu wengine duniani wanaoweza kufichana jambo wanalolifanya pamoja kila siku. Sisi tuliliweza.

Bahati yetu ni kwamba dada wa ramani hakushibishwa na makofi. Alisema kuna mahali aliwahi kupigiwa makofi kama yale, soko likajengwa, na sasa wateja wake ni popo. Kwa hiyo kabla ya kumwaga zege, tungelicheza kwanza. Ndivyo alivyosema, tulicheze. Mwenyekiti alidhani ni ngoma akaanza kuulizia wapigaji.

Jumamosi asubuhi tukakutana kwenye kiwanja cha mpira. Ramani yote ilikuwa imehamishiwa chini kwa chokaa ileile ya kuchorea mistari ya kiwanja, mitaa, njia, mifereji, kila kitu kwa ukubwa wake wa kweli. Wafanyabiashara walikuja na meza zao na mali kidogo, kila mmoja akasimama kwenye mstari wake. Wateja tulikuwa sisi wanafunzi. Dada alikuwa ameomba shuleni watoto wasio na haya, na mwalimu wa zamu akakusanya wapiga kelele wote wa kidato cha pili akisema angalau leo kelele zetu zina kazi. Mimi niliitwa wa kwanza. Hakuna zawadi ya shule niliyowahi kupokea kwa fahari kama ile.

Nilicheza mke wa ofisa mgeni anayeshika nyanya kwa vidole viwili kama anashika mjusi. Nilicheza mfugaji aliyeuza ng'ombe mnadani na sasa anataka shuka jekundu, lakini jekundu siyo hili, jekundu lile ambalo halijaletwa. Nilicheza mteja anayeuliza bei meza zote halafu anasema nilikuwa naangalia tu. Wafanyabiashara waliosimama kwa aibu mwanzoni wakaanza kunijibu, wakaanza kuniitia bidhaa, wakaanza kunitukana vizuri kama soko la kweli. Mzee wa kanga, kwenye kona yake, alikataa kuniuzia.

"Huyu mteja simtaki. Ana sura ya kukopa."

"Mzee, mimi ni mke wa ofisa."

"Basi huyo ofisa nampa pole."

Kona yake iliishia karibu kabisa na goli. Mbele yake hapakuwa na mtu tena.

Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka mjini. Mstari wa kanga na vitenge wote walikuwa Waislamu, na wote mikono yao ilikuwa na mazoea ya miaka. Wa kwanza akanyanyuka, akamgeukia wa kushoto kwake: nishikie. Wa kushoto alikuwa naye ameshanyanyuka, amemgeukia wa kushoto kwake: nishikie. Neno likatembea mstari mzima, kila mmoja akimwachia meza mtu ambaye naye anaondoka, mpaka likamfikia mzee wa kona. Mzee akaweka kofia yake vizuri, akageuka kushoto bila kutazama, akasema, "Nishikie narudi."

Alikuwa anaongea na nguzo ya goli.

Akaiangalia. Akaangalia nyuma, akaona mstari mzima umesimama na hakuna aliyebaki. Wakatazamana. Lakini swala haingoji wasanifu, kwa hiyo wakaondoka hivyohivyo, na meza zote za nguo zikabaki na upepo, unafunua kanga moja baada ya nyingine kama mteja asiye na hela.

Nafasi kama hiyo Mungu hampi mtu kama mimi ili aipoteze. Niliruka mstari nikawa muuzaji wa meza zote. Mbuzi wa watu walikuwa wanakula majani pembeni, nikawaita. "Karibu mama, hii inaendana na pembe zako. Jisikie huru, shemeji, jaribu, kioo kipo ziwani." Mbuzi mmoja akaonja kitenge. Kiwanja kizima kilicheka, na dada wa ramani alicheka kuliko wote, mpaka akashika magoti. Halafu akaacha kucheka, akabaki anatazama ule mstari mtupu.

Muda kidogo baadaye, upande wa vitunguu Mama alikuwa amesimama. Jua lilikuwa limefika mahali pake pa kila siku. Hotipoti ilikuwa mkononi, na baiskeli ilikuwa imeegemea mti. Akageuka kulia kwa mazoea, akakutana na mwanamke mwenzake mwenye vitunguu kama vyake, nyanya kama zake na bei kama yake.

"Nenda tu, Mama," yule mwanamke akasema, "mimi nitakuuzia."

Mstari wa vitunguu ukapasuka kwa kicheko, na yeye mwenyewe akacheka, kwa sababu wote walijua. Hakuwa mtu mbaya. Lakini mteja akija, mkono unaanza na kikapu kipi? Hata mtakatifu angeanza na cha kwake.

Mama hakucheka. Alikaa tena, hotipoti mapajani.

Nilikuwa mbali, nimejifunga vitenge vya watu watatu, na mdomoni nilikuwa na utani mzuri sana tayari. Nikaumeza. Najua ni utani gani, na siku moja nitautumia kwa mtu anayestahili.

Dada wa ramani akaenda akachuchumaa mbele ya meza ya Mama. "Mama, ulikuwa unataka kwenda wapi?"

Mwenyekiti akakohoa kile kikohozi cha viongozi. Mama akamwangalia mwenyekiti, akaniangalia mimi na vitenge vyangu, kisha akaangalia hotipoti.

"Kila siku saa hizi naacha meza," akasema, na akasema kwa sauti, kama anayetaja bei. "Naenda Mutuka kumlisha mama yangu. Mzee wa kanga ananishikia, na mimi namshikia akiswali. Kwenye hii ramani yako hatuko pamoja, kwa hiyo atakayeshika ni huyu mtoto, na akishika, shule basi."

Watu wote wakanigeukia, na mimi nikaona aibu ya ajabu, ya kutazamwa hivyo bila kuwa nimefanya kosa.

Halafu yule mwanamke wa kulia akasema, "Hata mimi. Naenda kunyonyesha."

"Mimi naenda kliniki na sukari yangu," mwingine akasema.

"Mimi nina kwaya," akasema wa nyuma.

Fundi wa katambuga akapaza sauti kutoka mstari wa viatu: "Mimi huwa nalala. Tusifichane."

Wakacheka, na baada ya hapo hakukuwa na wa kuwazuia. Kila mtu akataja anakokwenda na anayemshikia, na kila anayemshikia alikuwa muuzaji wa kitu kingine kabisa, kwa sababu meza unamwachia mtu ambaye hana cha kushindana nawe. Mwisho mwenyekiti naye akakiri kwamba kuna bao huwa linamhitaji.

"Sasa mlinipigia makofi ya nini?" dada akauliza.

"Ya kukukaribisha, dada," mwenyekiti akasema.

Nilidhani atakasirika. Ramani ile aliichora usiku kucha, macho yake yalionyesha. Alisimama, akatazama mistari yake iliyonyooka, halafu akapitisha buti juu ya mstari uliokuwa mbele ya Mama, akaufuta. Akachukua ndoo ya chokaa akamkabidhi.

"Chora."

"Mimi sijui kuchora."

"Hujui kuchora, unajua kukaa. Simama unapotaka kukaa, jirani yako asimame, tuzungushie."

Lakini Mama hakusogea, maana jirani yake alikuwa na kona. Mtu wa afya, aliyekuja pamoja na dada, alishasema mboga hazikai barabarani kwa sababu ya vumbi, na hapo alikuwa sahihi. Kwa hiyo kama mzee angebaki na kona yake, chokaa yote ya Babati isingesaidia kitu. Wengine wakaanza kushikana mikono na kutafuta nafasi, vitunguu na viatu, maharage na sufuria, kiwanja kikawa kama harusi isiyo na ratiba. Mama akabaki amesimama na ndoo.

Mzee wa kanga akarudi kutoka msikitini, akakuta ramani imefutwa, mbuzi amekula kitenge, na mimi nimevaa kingine.

"Nimeondoka kidogo tu," akasema.

Mama akamweleza. Halafu akaongeza haraka, kabla hajaishiwa ujasiri: "Mzee, kona yako ni nzuri. Usiiache kwa ajili yangu. Tutajipanga."

"Nani amesema kwa ajili yako?" Mzee alikuwa ameudhika kweli, au alijifanya, sijawahi kujua. "Ile kona inapigwa jua la mchana, kanga zitapauka kabla sijazilipia. Na nguzo ya goli haijui kumsomea mteja maandishi. Na huyu," akaninyooshea kidole, "mkimtoa shule atashinda hapo sokoni kutwa nzima. Mimi ni mtu mzima, nina presha."

Akanivua kitenge chake, akakikunja taratibu, akaenda kusimama upande wa ndani, kwenye kivuli cha paa lililokuwa bado halijajengwa. Akageuka.

"Mama, njoo ukae basi. Chakula cha bibi kinapoa."

Mama akaenda akasimama kushoto kwake. Dada wa ramani akawazungushia chokaa mwenyewe. Ulikuwa mduara mbaya, umepinda kama yai, na mimi mpaka leo sijaona mchoro mzuri kuliko huo. Kisha mzee akaketi mbele ya vitunguu vya Mama na ile sura yake ya kuonewa, na Mama akapanda baiskeli.

Kiwanja kilipomaliza kuchorwa, haikuwa ramani tena, ilikuwa kama ukoo. Samaki na nyama walibaki karibu na maji, mtu wa afya akaridhika. Wengine wote walikaa na watu wao. Na kwa sababu kila kundi lilikimbilia kivuli cha pembeni, katikati pakabaki peupe, hapana mtu. Mwenyekiti akataka pajazwe meza. Dada akasema paachwe, tuone patajaa nini.

Soko likajengwa hivyohivyo, na pamejaa. Mafundi cherehani walitoa mashine zao nje wakashonea pale, watu wakawa wanasimama kutazama nguo yao inavyozaliwa. Mchora mabango alileta mbao na rangi, akaruhusu watoto wajaze herufi, ndiyo maana vibao vya soko letu vina herufi zenye matumbo. Akina mama wa Kimaasai wakawa wanatungia shanga hapo siku za mnada, na fundi wa katambuga akaanza kuwapelekea ndala wazipambe, sasa anauza katambuga zenye maua kwa maofisa wanaodhani ni mapambo ya ukutani. Kila aliyetaka kutengeneza meza yake alikaa hapo na seremala akamwelekeza. Jumamosi mchana napewa dakika zangu za kuwachekesha wateja, bila malipo, mzee anasema hata hivyo ni ghali.

Meza ya Mama na ya mzee zilitengenezewa hapo pia, na mzee ndiye aliyesimama na seremala. Zilipoletwa tukaona zimeunganishwa katikati na mguu mmoja. Ukiiondoa moja, nyingine inaanguka. Mwenyekiti alipouliza sababu, mzee akasema ni kubana matumizi ya mbao.

Bibi nilimweleza yote hayo, na paa, na mabomba, na mguu wa katikati. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza kama chakula chake kitaendelea kufika kikiwa cha moto. Nikasema ndiyo. Akasema basi hilo ni soko.

Sasa niko kidato cha tatu. Darasa letu lina dirisha lisilo na kioo upande wa mjini, na adhana ya adhuhuri huingia humo katikati ya kipindi cha Fizikia, mwalimu akiwa anaeleza habari za nguvu na mizigo. Mimi naacha kusikiliza kidogo. Najua sasa hivi mzee amenyanyuka na kugeuka kushoto, na safari hii kuna mtu. Baada ya muda najua Mama amefunga hotipoti kwenye baiskeli. Wiki iliyopita mwalimu alinikuta natabasamu dirishani akanipa swali, nikakosea lote, darasa likacheka. Nilipopita sokoni jioni mzee akaniuliza nimepata ngapi. Nikamwambia sifuri.

"Ya kwako mwenyewe?"

"Ya kwangu kabisa, mzee. Nilikuwepo darasani."

"Vizuri," akasema, akageuza kigoda. "Haya, nishikie meza, alasiri imefika."